Usiishie Mlangoni: Siku ya Kwanza Katika Kikundi cha Afya ya Akili

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara kwa watoto, kifua kikuu na lishe ya mama mjamzito. Mtu akiugua magonjwa hayo, majirani huja na uji, na jina lake likitajwa kanisani ili aombewe, hakuna anayeinamisha kichwa. Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao watu huuficha chumbani. Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe.

Nina mdogo wangu wa kiume. Alipokuwa na miaka 24 alianza kukosa usingizi, akawa anajibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia, na usiku mmoja alitoka akaenda msituni bila viatu. Wazee walisema amerogwa. Tuliuza ng'ombe, akapelekwa kwa mganga mbali na kwetu, akakaa huko miezi saba. Aliporudi alikuwa amekonda na alikuwa na makovu ya kamba mikononi. Ndipo alipoletwa hospitali, akaanza dawa, akapata nafuu.

Wakati huo wote mimi nilikuwa muuguzi. Kila asubuhi niliwafundisha akina mama kutoficha magonjwa. Wafanyakazi wenzangu walipouliza habari za mdogo wangu, niliwaambia yuko Dar es Salaam anafanya biashara. Nilisema hivyo kwa miaka sita.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, dada, ila jina langu acha."

Dirisha nililolipita kila mwezi

Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuja kuishi nami. Baada ya miezi michache niliona dawa hazipungui kwenye chupa. Tukaanza kugombana. Kila jioni swali langu lilikuwa hilo hilo: "Umekunywa dawa?" Naye alijibu, "Nimekunywa," na wote wawili tulijua si kweli. Usingizi ukaanza kumpotea tena. Mimi nami nikawa nalala huku nimeegemeza meza mlangoni, na asubuhi naenda kazini nimechoka kama niliyekesha zamu mbili.

Hospitali yetu ina siku moja katika mwezi ambapo wagonjwa wa akili na wa kifafa huja kuchukua dawa. Baadhi yao, wakishapata dawa, hukaa na ndugu zao katika chumba tunachofundishia akina mama, wakaongea kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nilikuwa nikipita dirishani na kuwaona. Muuguzi mwenzangu wa kliniki hiyo aliniambia zaidi ya mara moja, "Sista, siku moja njoo ukae nasi." Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi.

Jumatano moja ya mwezi wa Julai, ukungu umejaa bondeni kiasi kwamba barabara ya kwenda Soni haionekani, nilikubali. Mdogo wangu alikubali pia, kwa sharti kwamba atembee nyuma yangu, tusionekane tunakwenda pamoja. Nami nilivaa sare yangu ya kazi, ingawa siku hiyo nilikuwa mapumzikoni. Nilijua kwa nini nimeivaa. Nilitaka atakayeniona adhani nimekuja kazini.

Nilipofika mlangoni nilisimama. Ndani walikuwa watu kumi na wanne juu ya mabenchi, wengine wamejifunga mablanketi kwa baridi. Niliwatambua watatu ambao huja kanisani kwetu na wawili ninaowajua sokoni. Mawazo yangu yote yalikuwa kurudi. Ndugu zangu, nimewashika mkono wagonjwa wengi mbele ya chumba cha upasuaji nikiwaambia wasiogope, lakini siku hiyo miguu yangu ilikataa kuvuka kizingiti cha chumba ninachokifagia mwenyewe.

Mzee aliyeongoza kikundi ni mkulima, naye hupata sindano kila mwezi kwa ugonjwa wake. Alinitazama bila haraka, akaniuliza kwa upole, "Karibu, Sista. Leo umekuja kama nani?"

Nilikaa kimya. Kisha nikasema, "Nimekuja kama dada. Mdogo wangu ni yule aliyesimama nje."

Mzee akasema, "Basi mwite aingie, nafasi ipo." Wakasogea kwenye benchi. Mdogo wangu akaingia, akaketi karibu na mlango. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikimtaja mbele za watu kuwa ni ndugu yangu.

Yanayofanyika humo ndani

Wengi hudhani kwamba katika kikundi cha namna hii mtu husimamishwa katikati aeleze siri zake. Si hivyo. Mzee alianza kwa kutaja masharti. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Hakuna anayelazimishwa kusema. Mtu akisema, wengine humsikiliza bila kumkatiza. Hakuna kumcheka mtu, na hakuna kumwambia mwenzako aache dawa au abadilishe dawa. Hayo ni ya daktari na muuguzi. Kwa kuwa tulikuwa Wakristo na Waislamu pamoja, tulikaa kimya kwa dakika moja, kila mtu akamwomba Mungu moyoni mwake.

Kisha kila mmoja alisema jina lake na jinsi mwezi ulivyokwenda. Wawili walisema jina tu, wakanyamaza, na hakuna aliyewasumbua.

Mama mmoja alieleza kwamba humwekea mwanawe dawa ndani ya uji bila yeye kujua. Mwenzake akamwambia, "Mama, mimi nilifanya hivyo. Siku alipogundua, aliacha dawa na akaacha kula chakula changu pia." Wakaongea namna ya kumweleza kijana ukweli polepole. (Maneno haya nayaandika kwa idhini ya wenyewe.) Nimesoma uuguzi na nimefundisha wengine, lakini sikuwa na jibu zuri kama la mama yule.

Ilipofika zamu ya mdogo wangu nilidhani atanyamaza. Akasema kwamba aliacha vidonge kwa sababu vilimkakamaza shingo na kumtoa mate. Siku moja kwenye stendi ya mabasi watoto walimwiga jinsi anavyotembea, na watu wazima wakacheka. Tangu siku hiyo alikuwa akivitupa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu huyu anakaa nyumbani kwangu. Mimi ni muuguzi, na kukakamaa kwa namna hiyo ni jambo linalojulikana sana kwa baadhi ya dawa hizi. Daktari anaweza kupunguza kipimo, au kubadilisha dawa, au kuongeza vidonge vingine vya kuondoa kukakamaa huko. Lakini sikuwahi kumwuliza vidonge vinamfanyia nini. Nilikuwa nimemwuliza kama amevinywa tu. Aliyoshindwa kumwambia dada yake jikoni aliyasema mbele ya watu kumi na wanne, kwa sababu watatu kati yao walikuwa wametikisa kichwa kabla hajamaliza. Walikuwa wanayajua.

Siku ile ile alirudi kliniki, dawa yake ikarekebishwa.

Je, vikundi vinasaidia kweli?

Kuna atakayeuliza kama kuongea tu kunaweza kumponya mtu. Swali ni zuri, na wataalamu wamelifanyia kazi, tena hapa hapa Afrika.

Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kule Uganda, wataalamu walikwenda katika vijiji 30 vilivyoumizwa sana na UKIMWI. Wenyeji walikuwa na majina yao wenyewe kwa uzito ule wa moyo ambao sisi tunauita sonona: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujisikitikia. Katika nusu ya vijiji hivyo viliundwa vikundi, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16.

Kabla ya kuanza, kati ya kila watu 100 wa vikundi hivyo, 86 walikuwa na sonona kamili. Baada ya kumaliza, waliobaki nayo hawakufika 7. Katika vijiji visivyo na vikundi walipungua pia, lakini kutoka 94 hadi 55 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo ili njia hiyo itumike hata mahali pengine.

Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakaongea juu ya tatizo moja na namna ya kulitatua. Baadaye mgonjwa hualikwa katika kikundi cha wenzake, na huko huongea huku wakifuma mikoba ya kuuza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Mifano hiyo miwili ni ya sonona na wasiwasi. Kwa magonjwa mazito zaidi, kama vile yale ya kusikia sauti au kuona yasiyoonekana, kikundi peke yake hakitoshi. Dawa ni lazima. Kazi ya kikundi ni kumsaidia mgonjwa aendelee na dawa, na kuwasaidia ndugu waendelee na mgonjwa.

Milima yetu si migeni katika jambo hili

Watoto wetu wajue kwamba katika milima hii ya Usambara, upande wa Korogwe, iko Hospitali ya Lutindi ya ndugu zetu Walutheri. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na tangu mwaka 1905 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa hupewa dawa, lakini pia hupewa kazi: kuna mashamba ya chai, bustani na karakana. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 100 tangu milima hii ijue kwamba mgonjwa wa akili anahitaji watu wa kukaa nao na kazi ya mikono, si kamba.

Lakini hata hospitali nzuri ina siku ya kumruhusu mgonjwa. Akisharudi Mlalo, Mtae, Bumbuli au Gare, anarudi kwa nani? Kama anarudi kwa watu wanaomficha, au wanaomwita "yule kichaa", ugonjwa unaweza kumrudia haraka. Hapo ndipo kikundi kina kazi.

Ukienda kwa mara ya kwanza

Uliza hospitali au zahanati iliyo karibu nawe kama kuna kikundi, na siku gani kinakutana. Ukishajua, yafuatayo yatakusaidia.

1. Nenda na mtu mmoja unayemwamini. Wengi huishia mlangoni kwa sababu wako peke yao.

2. Fika mapema kidogo. Kuingia wakati wengine wameshaketi na wote wanakutazama ni kugumu zaidi. Mimi nilichelewa, nikaona.

3. Si lazima useme. Siku ya kwanza kutaja jina kunatosha. Kusikiliza nako ni dawa.

4. Usitegemee kutoka ukiwa mwepesi. Wengine hutoka na kichwa kizito, kwa kuwa wamesikia mengi na kukumbuka mengi. Hilo si baya. Siku hiyo usijipangie kazi kubwa, na ujaribu kurudi mara ya pili na ya tatu kabla hujaamua kwamba kikundi hakikufai.

5. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Kujisikia vizuri mara nyingi ni kazi ya dawa hizo hizo. Zikikuletea matatizo, mwambie muuguzi wazi.

6. Kikundi kikikutoza fedha nyingi, kikikuambia utupe dawa, au ukisikia maneno yako sokoni, ondoka. Hicho si kikundi cha afya.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, usidhani kikundi ni cha mgonjwa peke yake. Nawe unachoka, unaogopa, na pengine unakasirika kisha unajiona mwenye dhambi kwa kukasirika. Wenzako wapo.

Usingoje siku ya kikundi

Kuna mambo ambayo hayangoji. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja ukiona:

Anasema anataka kufa au kujiua. Mwulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo. Usimwache peke yake. Sisi huku tunalima kabichi, nyanya na viazi, na karibu kila nyumba ina dawa ya kunyunyizia. Zifungie dawa hizo kwa kufuli, au ziwekwe kwa jirani. Hatua hiyo ndogo inaweza kuokoa maisha.

Amechanganyikiwa ghafla na ana homa, shingo ngumu au degedege. Hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Usipoteze saa hata moja ukitafuta aliyemroga.

Ni mama aliyejifungua karibuni, halali, anaongea yasiyoeleweka au anamwogopa mtoto wake.

Hali wala hanywi, au hajalala usiku kadhaa mfululizo.

Alikuwa mlevi wa kila siku, ameacha pombe ghafla, na sasa anatetemeka na kuona vitu visivyokuwepo.

Kama kwenu hakuna kikundi

Inawezekana kukianzisha, wala hakuhitaji mradi wala gari. Kikundi chetu kilianza na familia tatu zilizokuwa zikingoja dawa kwenye benchi moja. Ongeeni na muuguzi wa zahanati, chagueni siku ile ile ya kuchukua dawa ili watu wasitembee mara mbili kupanda na kushuka milima, tafuteni chumba chenye mlango unaofungwa, na muanze kwa masharti niliyoyataja. Mwenye ugonjwa na mwenye kuuguza wote washiriki katika kuongoza. Jumuiya ndogondogo nazo zinaweza kusaidia, si kwa kuwaita wagonjwa wajieleze mbele ya watu, bali kwa mambo ya kawaida: kumwalika mtu huyo kwenye kazi ya pamoja kama wengine, kumtembelea, na kumwita kwa jina lake.

Sitaki kuwatukana wanaokwenda kwa mganga, maana nasi tulikwenda. Wala sala haipingani na dawa. Mimi nasali kila siku na mdogo wangu anameza vidonge kila siku. Nasema tu kwamba kamba, kipigo, moshi na njaa havijamponya mtu akili. Na wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nilimficha mdogo wangu kwa miaka sita, na hata baadaye nilimtaja kwa kunong'ona. Hakupona kwa kufichwa. Alijifunza tu kwamba yeye ni wa kufichwa.

Sasa ni zaidi ya mwaka tangu siku ile. Siwezi kuwaambia kwamba amepona kabisa. Mwezi wa Machi alirudiwa, akalala hospitali siku tisa. Lakini safari hii ni yeye mwenyewe aliyesema, "Dada, usingizi umeanza kukimbia, twende." Analima karoti na viazi kwenye kipande chetu cha shamba, na wakati mwingine anauza mwenyewe sokoni. Meza haipo tena mlangoni kwangu.

Jumanne iliyopita jioni nilikuwa napiga pasi nguo za kazi. Akapita, akatazama, akasema, "Dada, kesho ni siku ya kikundi. Usivae sare."